Karatasi niliyoibandika mwenyewe

Mvua ya leo imenirudisha kwenye zamu moja ya usiku, Januari 2025. Siku tatu nyuma, tarehe 20, Rais Samia alikuwa ametangaza kwamba Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii ya Ebola unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, imeingia Biharamulo, mkoani Kagera. Sisi wa mapokezi ya dharura hapa Mwanza tulishaambiwa: mwenye homa aulizwe ametoka wapi kabla hajaguswa. Karatasi ya maelekezo niliibandika ukutani mimi mwenyewe.

Saa nane usiku mzee mmoja akaletwa na bajaji. Homa kali, anatapika, kichwa kinamgonga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamshika mkono kutafuta mshipa, sina hata glovu. Kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili: anayo. Roho ikatulia, nikaagiza sindano ya artesuneti.

Sista wa zamu, mtu mzima kuniliko, alikuwa bado mlangoni, hasogei. "Baba, umetoka wapi?"

"Biharamulo. Nilikwenda kumzika shemeji."

Nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Kanda ya Ziwa malaria ni mwenyeji. Kuwa nayo hakumkingi mtu na kingine. Na Marburg huanza vilevile: homa, kichwa, mwili kuuma. Damu ambayo kila mtu anaisubiri huja baadaye, na wengine haiwatoki kabisa. Bukoba mwaka 2023 iliua watu 6, mhudumu wa afya akiwemo.

Tukamhamishia chumba cha pembeni. Watu hudhani kazi ya dharura ni ving'ora na mbio. Usiku ule nilikaa kwenye stuli, mbali na kitanda, namuuliza mzee: maiti uliiosha? Basi gani? Kiti cha ngapi? Kivukoni Busisi, akasema, walibanana bega kwa bega, akamtapikia kijana mmoja shati. Kijana akasema, "Pole baba," akashuka Kigongo na mizigo yake. Jina? Hakumuuliza. Kama mimi tu.

Sampuli ya kwanza ikarudi safi, lakini ikichukuliwa mapema mno huweza kudanganya, hivyo ikarudiwa. Siku hizo nililala chumba cha uani, mke wangu ananiachia chai kizingitini na kurudi nyuma. Jibu la pili nalo likaja safi.

Mzee aliruhusiwa na malaria yake imepona. Akaulizia kofia yake aliyokuja nayo. Tulishaichoma pamoja na nguo. Nilimnunulia nyingine Makoroboi, akaigeuza mara mbili, akasema ile ya kwanza ilikuwa na darizi nzuri zaidi.