Damu Iliyokataa Kuganda

Desemba ile nilipofika nyumbani Marangu kwa Krismasi, mbwa wetu Simba hakuja getini. Alikuwa amelala mgombani, akatikisa mkia kidogo, basi. Mama akasema labda ni joto. Marangu na joto wapi na wapi! Nilipomfunua mdomo nikaona fizi zimepauka, karibu nyeupe. Nikazibonyeza kwa kidole, rangi ikachelewa kurudi. Tumboni, kwenye manyoya haba, damu ilikuwa imevilia madoa ya zambarau.

Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake, wala hakukitazama.

“Mama, mmeweka sumu ya panya?”

Alikuwa ameweka, wiki iliyopita, stoo nyuma ya magunia ya mahindi. “Lakini mwanangu, jana na juzi alikula vizuri tu!”

“Ndivyo ilivyo sumu hii, mama. Naomba pakiti yake.”

Pakiti ilipatikana, upande mmoja imetafunwa. Bromadioloni, asilimia 0.005. Kiasi kidogo hivyo, na ndicho kilichokuwa kinamuua mbwa wetu.

Nilijifunza siku ile kwamba ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na sumu hii huizuia vitamini hiyo isitumike tena. Vile vilivyokwisha kutengenezwa hudumu siku chache. Kwa hiyo mbwa anakula, anabweka, analinda boma, na siku kama ya tatu au ya tano anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Hapo kumtapisha hakusaidii tena, na maziwa ndiyo kabisa.

Bwana mifugo akavuta damu kidogo mguuni, akaitia kwenye kichupa cha kioo, kisha akapabana mahali pale kwa pamba muda mrefu. Tukasubiri. Kila alipokiinamisha kichupa, damu ilitiririka kama chai ya rangi. Nilimwangalia mama, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Alimchoma sindano ya vitamini K1 chini ya ngozi. Akatusisitizia iwe K1, maana K3 haifai kitu kwa sumu hiyo. Tukamlaza Simba ndani, asiruke wala kujigonga, maana dawa huchukua saa kadhaa kabla ini halijaanza kazi upya. Usiku ule hatukulala. Kesho yake jioni alikunywa supu.

Vidonge tulivinunua Moshi mjini, duka la dawa la binadamu, tukampa pamoja na nyama ya mafuta ili viingie vizuri mwilini. Wiki 4 mfululizo, hata alipokwisha kuchangamka, kwa sababu sumu ya aina hii hukaa mwilini muda mrefu.

Mwishoni mwa Januari mama alinipigia simu. Siku ya tatu baada ya kidonge cha mwisho bwana mifugo alikuwa amerudi na kichupa chake, na safari hii damu iliganda kwa dakika chache. Stoo sasa kuna mitego, akasema, na sumu iliyobaki amemkabidhi bwana mifugo aondoke nayo.