Milango Mitatu ya Keshero

Mwaka 2019 shangazi yangu, aliyeuza vitenge mtaa wa Birere tangu nikiwa mtoto, alipata parseli ya kununua, yaani kiwanja na nyumba yake, mtaa wa Keshero, hapa Goma, Kongo. Nyumba ya duru, yaani ya kudumu, milango mitatu ya kupangisha, kila mmoja makao ya mpangaji wake, dola 38,000. Komisioneri, yaani dalali, alikuja na hesabu yake tayari: "Mama, kila mlango unatoa 150 kwa mwezi. Miaka saba tu, pesa yako imerudi."

Shangazi hakumjibu. Alinigeukia mimi niliyesomea uhasibu. "Baba, kesho tutatembea."

Kwa wenye nyumba hatukwenda. Mwenye nyumba hukutajia bei anayoitamani. Tulikwenda kwa wanaolipa. Shangazi ana kipaji chake: huomba maji ya kunywa, huketi, na kabla kikombe hakijaisha ameshaambiwa hata madeni ya jirani. Mama mmoja aliyepanga mlango kama ule alikuwa akilipa 110. Aliombwa 150, akabishana mpaka ikashuka, kwa sababu hakukuwa na tangi la maji na watoto walichota maji ziwani kwa bidoni. Jirani yake mwenye tangi alikuwa akilipa 140. Mbele kidogo kulikuwa na geti jipya, tangazo la kupangisha limepauka kwa jua. "Hiyo? Tangu mwaka jana haina mtu."

Usiku tukaketi na daftari. Milango miwili ya mbele niliandika 110 kila mmoja. Wa nyuma, unaopitia uani kwa watu, 90. Jumla 310. Nikazidisha kwa miezi kumi, si kumi na miwili, maana wapangaji huhama na wengine huchelewa: 3,100. Garanti, pesa ya dhamana ambayo mpangaji huweka anapoingia na ambayo komisioneri aliisifu sana, niliiacha nje. Sheria ya mwisho wa 2015 inaruhusu isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, lakini hiyo ni pesa ya mpangaji, siku moja ataidai. Nikatoa kodi ya mapato ya kupangisha, rangi, mabati, na choo. Asiyeijua Goma hawezi kuelewa gharama ya kuchimba shimo la choo kwenye mwamba wa lava. Zikabaki kama 2,200 kwa mwaka.

"Kwa hiyo miaka 17," nikamwambia.

"Na volkano, Nyiragongo, umeiweka mstari gani?"

Sikuwa na mstari wake. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika nyumba zilizokuwa na wapangaji wazuri tu.

Kwa muuzaji, shangazi aliomba kitu kimoja: risiti za malipo ya wapangaji za mwaka mzima. Mzee akaleta za milango miwili. Na wa tatu? Akakohoa. Humo alikaa shemeji yake, bure.

"Kumbe unaniuzia milango miwili na shemeji," shangazi akasema, akainuka kama anayetaka kuondoka.

Walikubaliana dola 31,000, noti safi zisizo na mpasuko hata mdogo, nami nikazihesabu. Shemeji akapewa mpaka mwisho wa mwezi.