Final Fantasy Tactics inanitoa jasho

Jamani, hii gemu ni ya 1997 lakini sijachoka nayo. Hakuna cha "zamu yangu, zamu yako". Kila mpiganaji ana kipimo kinachojaa kufuatana na kasi yake. Kikifika 100, anacheza. Utamu uko kwa wachawi: uchawi mzito haupigi papo hapo, unasubiri. Ukilenga mraba na adui akahama, umepiga hewa! Siku hizi nafungua kwanza orodha ya zamu nione nani anatangulia. Na ukimvizia mtu mgongoni, ngao yake haimsaidii kitu (raha sana hii). Mwenzako akianguka, hesabu inaanza 3, ikiisha anageuka fuwele au sanduku la hazina. Leo mponyaji wangu kafufuliwa hesabu ikiwa 1. Nilipiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.