Usiku wa Kuamkia Idd, Barazani kwa Fundi

Ushonaji niliujifunza Ngamiani, Tanga, kwenye baraza yenye vyerehani vitatu, kwa fundi ambaye sikumbuki hata siku moja aliponikalisha kunifundisha. Nilianzia mwisho wa nguo: kutia vifungo, kukunja mapindo na kupiga pasi ya mkaa, mkasi ulikuwa wake peke yake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, alikuta wanagenzi wakipandishwa kwa utaratibu uo huo, kutoka kumalizia hadi kushona, kisha kukata. Utaratibu huo una hekima kubwa, kwa sababu anayemalizia huishika nguo nzima mikononi, na akikosea hupotea uzi, ilhali mkataji akikosea hupotea kitambaa cha mteja.

Usiku mmoja wa kuamkia Idd el-Fitri, fundi akiwa msikitini kwa Isha, alifika mzee mmoja na suruali iliyombana kiunoni. Mwanagenzi mwenzangu, aliyenitangulia kazini, alikuwa amezongwa na kanzu za watoto. Alinitazama, akanisogezea taa. Nilimwamkia mzee, nikaigeuza suruali ndani nje na kuutafuta mshono wa nyuma, ambapo huachwa akiba ya kitambaa. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za akiba hiyo. Niliijua kwa sababu nilikuwa nimeifungua na kuilaza kwa pasi katika suruali zisizo na idadi. Nikafumua kwa nusu wembe, nikikata uzi mmoja baada ya mishono michache ili kitambaa kisichanike, nikatia alama kwa chaki.

“Mzee, akiba iliyopo inatupa inchi moja,” nilimwambia. “Tukizidisha, mifuko itavutika.”

Maneno hayo pia niliyaokota pale pale barazani, kwa kumsikiliza fundi akizungumza na wateja, maana kumweleza mtu ukweli wa nguo yake bila kumvunjia heshima ni sehemu ya ushonaji.

Fundi aliporudi nilikuwa nimeshamaliza kushona. Aliupitishia mshono kidole gumba, akamuuliza mzee kama sasa anapumua vizuri. Kisha akavua futi shingoni, akanipa nimpime kijana aliyekuwa akisubiri, yeye akashika daftari na kuandika vipimo nilivyomtajia.