Landrova ya mjomba, taa zinazowaka zenyewe na habari ya ethi

Ukikanyaga breki, taa ndogo za mbele zinawaka. Ukipiga indiketa ya kushoto, taa ndogo za nyuma nazo zinapepesa kwa mbali, dashibodi inawaka inazima, honi inalia pale inapojisikia. Hiyo ndo Landrova 109 ya mjomba, Series III, ipo Tukuyu na mpaka leo inabeba ndizi na viazi, na kila fundi aliyeishika alikuwa na jibu lake, huyu badili flasha (kale kakopo kanakofanya indiketa ipepese), yule badili swichi ya indiketa, mwingine akasema waya zote zing'olewe zifungwe za Toyota Noah, na alisema hivyo kwa kujiamini kabisa huku anatafuna muwa.

Mi niseme tu, kwenye haya magari ya zamani ukiona taa zinafanya vituko vya namna hiyo usikimbilie Mwanjelwa, Mbeya mjini, kununua spea. Anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Watu wengi wanafuata umeme unapokwenda, yaani kutoka betri, swichi, fyuzi hadi kwenye balbu, halafu wanaishia hapo, hakuna anayejiuliza ule umeme unarudi betri kwa njia gani. Na kwenye Landrova unarudi kwa kupitia bodi na chesesi.

Chukua balbu ya nyuma. Ndani ina nyuzi mbili, ya wati 5 ya taa ndogo na ya wati 21 ya breki, na zote mbili zinatumia ethi moja. Ethi ikiwa safi kila uzi unafanya kazi yake. Ethi ikifa, umeme wa breki ukishaingia hauna pa kutokea, basi unarudi kinyumenyume kupitia ule uzi wa wati 5, unaingia kwenye waya wa taa ndogo, unaenda kuwasha taa za mbele na za dashibodi kwa kufifia, na huko mbele ndo unapata ethi yake. Ndo maana unakanyaga breki gari linawaka kote. Flasha haihusiki hapo, ungebadilisha hata dazeni.

Sasa kwa nini Landrova hasa? Bodi yake ni ya alumini, chesesi ni chuma. Hizo metali mbili zikikutana na maji katikati zinalana, inatoka unga mweupe, na pale bolti iliposhika ethi panabaki kutu tu inayoonekana imekaza vizuri. Halafu ongeza hali ya hewa ya huku kwetu, Tukuyu mvua inanyesha hadi unasahau jua linafananaje, ukipanda Isyonje asubuhi ya Juni ukungu na baridi, na vijana wa kuosha magari nao wanapiga maji ya presha hadi ndani ya boneti. Wenye magari ya Kiingereza walimbatiza Lucas aliyetengeneza vifaa vya umeme vya magari hayo jina la Mwanamfalme wa Giza, utani wa siku nyingi, lakini ki ukweli gari la miaka ya 70 likizima taa leo sioni kama ni haki kumlaumu aliyelifunga waya enzi hizo.

Kupima sio ngumu ila wengi wanapima vibaya. Wanachukua mita wanaweka kwenye ohmi, inalia piii, wanasema waya mzima. Waya uliobaki uzi mmoja ndani utakulilia hivyo hivyo, ukiutwisha mzigo ndo unasalimu amri. Kwa hiyo weka mita kwenye volti DC, washa taa unayoisumbukia iwe inakula umeme, waya mweusi wa mita shika kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, ile risasi sio klempu, waya mwekundu gusisha kwenye ganda la holda ya balbu. Ikisoma 0.1 au 0.2 endelea na maisha. Ya mjomba nyuma kushoto ilisoma karibu volti 4! Kumbe balbu ya volti 12 ilikuwa inaishi kwa 8, na balbu haifi moyo kidogo kidogo, ukipoteza volti 2 tu mwanga unabaki kama nusu.

Nikafungua bolti, msasa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, wosha ya meno, bolti mpya, halafu vaselini juu BAADA ya kukaza sio kabla. Na kwa kuwa siiamini ile bodi nikavuta waya mweusi mnene kutoka taa za nyuma moja kwa moja hadi kwenye chesesi, karibu na pale waya wa hasi wa betri uliposhika. Fundi wa muwa akauliza sasa huo waya wa nini, nikamwambia wa kurudia nyumbani.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye ndoo anaangalia, akasema "mjomba, sasa na ile ya moshi?" Ile ya moshi ndo iliyonitisha kuliko taa zote. Asubuhi za baridi akipiga stata inazunguka kwa uchovu, na waya wa choki, ule wa chuma wa kuvuta kwa mkono injini ikiwa baridi, unapata moto hadi plastiki inanuka. Kila mtu alishalaani betri na stata. Lakini jamani, injini imekaa juu ya raba, haigusi chesesi, kuna mkanda wa ethi unaoziunganisha na mkanda ule ulikuwa umekatika, umebaki unaning'inia na grisi. Stata inakula zaidi ya ampea 100, umeme wote huo ukikosa mkanda unatafuta chochote cha chuma kinachotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, na kilichokuwepo ni waya wa choki. Ungewaka moto siku moja pale pale dashibodi. Mkanda mpya bei ya kawaida tu, stata ikaamka, betri ile ile.

Kwa mwenye gari la Mwingereza la enzi hizo, kabla hujaruhusu mtu akate waya mfahamishe rangi: kahawia inatoka betri moja kwa moja haipiti popote, nyeupe ni baada ya swichi, kijani ni baada ya swichi na imepita fyuzi, nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi ethi. Kahawia na nyeupe nyingi hazina fyuzi kabisa, na mara nyingi hata taa kubwa hazina, kwa hiyo zikigusa bodi zinachoma wayaringi nzima sio fyuzi. Na kama yako ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60 angalia betri imefungwaje, nyingi za zamani chanya ndo iko kwenye chesesi, ukifunga redio ya kisasa bila kuangalia umeitoa sadaka.

Kilichobaki kwa mjomba ni geji. Ya mafuta na ya joto zote zinapanda juu pamoja, tenki linasema limejaa wakati jerikani liko tupu pembeni na mafuta tulipima kwa kijiti. Zikipanda zote mbili kwa pamoja ujue sio tenki wala injini, ni kale kakopo nyuma ya dashibodi kanakopunguza volti hadi 10 kwa ajili ya geji, nako kanategemea ethi ya ganda lake. Mjomba hataki dashibodi ifunguliwe mpaka amalize kusomba viazi, so kijiti kitaendelea na kazi kwa sasa.