Jumamosi moja juu ya makasia, mto Susquehanna

Saa 10:30 alfajiri. Miaka tisa niko Pennsylvania, Marekani, na bado nahesabu saa za Kiswahili. Kwa mama yangu Kigoma ni saa 5:30 asubuhi, ameshatoka sokoni, kwa hiyo huu ndio wakati wetu wa kuongea: simu nimeibana begani, mikono inafunga ndoana kwenye mishipi ya leo. Swali lake halibadiliki. "Mwanangu, wanakulipa uwapeleke kuvua, halafu samaki anarudishwa majini?" Ndiyo, Mama. Anacheka, ananiombea dua, tunaagana.

Wengi hapa hata Waswahili wenzangu wanadhani nashinda kwenye boti nikivua. Fimbo ya kuvulia sishiki siku nzima. Kazi yangu ni kupiga makasia, kusoma maji, na kumweka mteja mahali ambapo besi mdomo-mdogo (smallmouth bass), samaki wa mito ya huku, yupo, bila samaki kujua kuwa tumefika. Boti yangu ni ya mpira, ina fremu ya chuma, nanga na makasia mawili. Injini haina.

Saa 12:15 niko Duncannon, pale mto Juniata unapoingia Susquehanna. Kaka mmoja wa Uvira, rafiki yangu, anachukua gari na tela kulipeleka Fort Hunter, zaidi ya kilomita kumi chini, ambako tutatokea jioni. Wateja wawili wamefika, mtu na shemeji yake. Mkubwa ni mpole. Mdogo amezunguka boti mara moja na kuuliza injini iko wapi. Nikamwambia hatuna, na kwamba imeandikwa hivyo kwenye ujumbe niliomtumia. Akasema alidhani ni utani.

Saa mbili za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko zote. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, mto ule mpana wa mawe na visiwa ulikuwa wetu peke yetu, na mkubwa alipata besi watatu nyuma ya mawe yanayogawanya mkondo. Chambo ni plastiki laini inayofanana na kamba wa mtoni, kwa sababu besi wa hapa wanapenda mno kula kamba. Kila samaki alirudi majini. Siyo hiari yangu, ni sheria ya sehemu hii ya mto. Mwaka 2005 vifaranga wa besi walianza kufa kwa wingi wakiwa na vidonda mwilini, samaki wakapungua hata wazee wa mto wakakata tamaa, ndipo ikaamuliwa kuwa besi akishikwa hapa anarudishwa papo hapo. Nimemweleza Mama mara nyingi. Anaelewa kuhusu ugonjwa. Asichoelewa ni kwa nini watu wanalipa.

Saa 3 kasoro boti ya kwanza ya injini ikapita. Hizi za huku si za panga, yaani rafadha. Maji ni haba, panga lingevunjika kwenye mawe, kwa hiyo injini ina pampu inayovuta maji na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Ikishika kasi inapita juu ya maji ya kufika kwenye muundi. Maana yake hakuna tena kona ya mto iliyo salama kwa sababu ya uhaba wa maji. Zamani mawe yenyewe ndiyo yalikuwa walinzi.

Saa 4 hivi nikatia nanga kando ya kisiwa kidogo, na hapa nataka kuwaeleza polepole.

Mwaka huu mafuriko ya Mei yaliharibu viota vya kwanza, kwa hiyo Juni hii bado kuna besi wachache wanaolea. Jike hutaga na kuondoka. Dume ndiye anayebaki. Kiota kile nilikuwa nakijua tangu wiki iliyopita: duara la kokoto zilizosafishwa, ukubwa wa sinia la pilau, kwenye maji ya kufika magotini. Dume mwenyewe alikuwa amesimama juu yake, rangi ya shaba, jicho jekundu, ncha ya chini ya mkia imekwanguka na kuwa nyeupe kwa kufagia mawe. Na juu yake kulikuwa na wingu la vifaranga weusi ti, kama mtu amemwaga unga wa makaa majini na unga ukakataa kuzama. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika tunamjua kuhe, anayelinda watoto wake mchangani na mwenzake. Mara ya kwanza nilipomwona besi akifanya vile, peke yake, nilimpigia Mama palepale nikamwamsha usingizini.

Mdogo alimwona, akainua fimbo. Nikamwambia hapana, bwana, huyo hatumtupii. Dume wa kiota anauma chochote kinachosogea. Kumshika si ustadi, na dakika mbili akiwa kwenye mshipi zinawatosha samaki wadogo walafi waliojificha pembeni kuingia na kula watoto. Akanuna. Akasema samaki hawa wako hapa tangu dunia iumbwe na wamezoea kila kitu. Nikamwambia hata huku hawatoki. Asili yao ni Maziwa Makuu ya huku na mabonde ya Ohio na Mississippi. Mwaka 1854 wachache walitiwa kwenye tangi la maji la garimoshi, wakavushwa milima hadi mto Potomac, na kwenye mito hii ya mashariki wamepandikizwa na watu. Mkubwa alitaka kusikia zaidi. Sikumaliza.

Boti ilitokea nyuma ya kisiwa. Niliisikia kabla ya kuiona. Nikasimama, nikapunga mkono wote, chini, chini, ishara ambayo kila mwenye boti anaijua. Sheria ya jimbo inasema ukiwa ndani ya futi 100, yaani kama mita 30, kutoka boti iliyotia nanga au mtu aliyesimama majini, unapunguza mwendo mpaka usiache mawimbi. Huyu alipita kati yetu na kisiwa. Mita kumi, labda nane. Nikaona meno ya dereva, alikuwa anacheka na wenzake, na nadhani hakutuona kama watu wa kupunguziwa mwendo.

Wimbi la kwanza lilitupiga ubavu. Mkubwa akaanguka kwenye fremu, goti likachubuka. Sanduku la ndoana likamwagika lote. Wimbi la pili lilikwenda kisiwani, likagonga ukingo, likarudi limebeba udongo. Pale kwenye kiota maji yakawa chai ya maziwa. Hatukuona kitu.

Nilikaa kimya nikisubiri. Mdogo alikuwa anasema maneno, sikumjibu. Maji yalipoanza kutulia, niliona nusu ya zile kokoto imefunikwa na tope na wingu limekwisha. Yule dume alikuwa anazunguka. Anakwenda mita mbili mkondoni, anarudi, anakwenda kushoto, anarudi. Baada ya kama dakika ishirini mkubwa ndiye aliyenionyesha kidole: nyuma ya jiwe moja, nukta nyeusi, kidogo sana, zingejaa kiganja. Dume akaja akasimama juu yao.

Mdogo akataka tuendelee kuvua hapo chini kidogo mtoni, kwenye kina. Nikamwambia tungoje. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walipima mapigo ya moyo ya besi mdomo-mkubwa, ndugu wa huyu, baada ya kelele za boti. Baada ya mtumbwi wa kasia moyo ulitulia kama baada ya robo saa. Baada ya injini ya petroli ulihitaji kama dakika 40. "Dakika 40 kwa kila boti," akasema, "basi hatutavua leo." Alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Maana zilikuja. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, watu wametoka kazini wiki nzima na wana haki ya mto kama mimi. Nilihesabu mpaka 23 nikaacha. Katika hizo ishirini na tatu, nne zilipunguza mwendo. Mzee mmoja mwenye boti ya bati alizima injini kabisa alipotuona, akaachia mkondo umpitishe, akainua kofia. Nimeiandika namba ya boti yake ili siku nikimkuta gatini nimshukuru.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Upepo uligeuka ukawa unatupiga usoni, na boti ya mpira kwenye upepo ni kama puto: ukiacha kasia unarudi ulikotoka. Kwenye maji ya kasi ya Dauphin, pale sanamu ndogo ya Uhuru iliposimama juu ya nguzo ya daraja la zamani, wateja walitaka picha, nami nikashikilia boti dhidi ya mkondo mpaka malengelenge mawili yakapasuka. Mdogo alisema mwakani atakodi mwenye injini. Alisema mara tatu. Mkubwa, karibu na mwisho, akapata besi wa sentimita 46 chini ya mti ulioanguka, akamshika majini bila kumtoa, akamwachia, na hakusema neno mpaka tulipofika.

Fort Hunter. Daraja la mawe la Rockville linaonekana chini kidogo, matao 48, tangu 1902, na treni ya mizigo inapita taratibu. Walinilipa. Mkubwa aliongeza na kunipa mkono, akauliza kama wiki ijayo nitapita tena pale kwenye kile kisiwa. Nitapita.

Kuosha boti, kukausha, kuosha nanga, kuokota ndoana zilizoingia kwenye mikunjo ya mpira. Nyumbani niliweka mikono kwenye beseni la maji ya chumvi. Kwa Mama ni usiku wa manane, hivyo nikamrekodia sauti. Nikamwambia habari za yule dume, kwamba alibaki, kwamba wapo waliojaa kiganja. Alfajiri jibu lake lilikuwa limeshaingia: "Na maji pale yamesafika? Kwenye tope hawaponi hao."