Asilimia 110 ya ukuta wa tangi: hesabu inapokosewa

Tangi la mafuta au kemikali likipasuka, kinachookoa ardhi na mitaro ni ukuta ulioizunguka sakafu yake. Kanuni za England za mwaka 2001 kuhusu kuhifadhi mafuta zinataka ukuta huo ubebe asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote, au asilimia 25 ya ujazo wa matangi yote yaliyomo, kutegemea ipi imezidi. Marekani hudai ujazo wa tangi kubwa kabisa na nafasi ya ziada ya mvua.

Chukua matangi matatu ya wima, kila moja lita 30,000, kipenyo mita 2.5, kwenye sakafu ya mita 8 kwa 6. Asilimia 110 ni mita za ujazo 33. Wengi hugawanya kwa 48, yaani eneo lote la sakafu, wakajenga ukuta wa sentimita 69. Wamesahau kwamba yale matangi mawili yasiyovuja yamekalia mita za mraba 9.8, na hapo mafuta hayana pa kukaa. Gawanya kwa 38.2 zilizobaki: unahitaji karibu sentimita 87, na mvua bado hujaihesabu. Tena tangi refu lililosogezwa mno ukutani likitoboka juu, mafuta huruka nje, hata ukuta uwe na ujazo kamili.

Jambo la vali ya kutolea maji ya mvua ndilo gumu zaidi. England hairuhusu vali wala bomba la kutolea maji kupenya ukuta. Marekani huruhusu vali ya kufunguliwa kwa mkono, ila si ile ya kibamba kinachojifungua chenyewe. Msimamo wa England naona ndio salama: vali hufunguliwa mvua ikinyesha, ikasahaulika, na ukuta mzima hauna kazi tena. Weka kishimo kwenye kona, vuta kwa pampu. Maji yenye utando wa mafuta yasiende mtaroni.

Asidi na dawa ya klorini zisiwekwe ndani ya ukuta mmoja. Zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Kule Buncefield, ghala la mafuta Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, geji ya kupima kiwango cha tangi la petroli ilikwama, na swichi ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi. Petroli ikamwagika kutoka juu, ikalipuka. Kisha kuta zenyewe zikavuja kwenye maungio ya zege na palipopita mabomba. Kwa hiyo kizibo cha maungio kistahimili moto pamoja na kimiminika chenyewe, na swichi ijaribiwe kwa ratiba, tena isitegemee geji.